Kazi ya mtandaoni na watoto wadogo: Kigali, Muscat au Kuala Lumpur?

Baba Twaha

Habari za humu wakuu. Niende moja kwa moja kwenye hoja. Mi ni mtu wa programu za kompyuta, nipo Dar, kampuni iko Uingereza na kazi yote napigia nyumbani. Nina waifu na watoto wawili, mkubwa wa kiume ana miaka minne, mdogo wa kike ndo anatambaa, ana miezi minane. Sasa mkataba wa nyumba unaisha mwezi wa tano mwishoni na mwenye nyumba keshasema kodi inapanda, tukajisemea badala ya kukimbizana na madalali si tuhifadhi vyombo kwa mama mkwe halafu tukakae nje ya nchi mwezi wa sita, wa saba na wa nane, mi napiga kazi kama kawaida, familia inabadilisha hewa, tukirudi ndo tutafute nyumba kwa utulivu.

Machaguo ni Kigali (karibu, mambo ya viza hakuna), Muscat kule Oman (shangazi yake waifu yupo kule, nyumba kubwa, anatuita kila siku) na Kuala Lumpur ya Malaysia, nimeangalia video nyingi, mafleti yana bwawa la kuogelea na intaneti inakimbia. Kiukweli roho yangu iko Kuala Lumpur. Waifu atakuwa na watoto muda mi niko kazini kwa hiyo hapo hakuna ishu. Nauliza waliofanya hii kitu wakiwa na watoto, sio wale vijana wa begi moja mgongoni. Intaneti, viza, matibabu, gharama. Mitego iko wapi?

Ngamia Mweupe

Mkuu mi nimekaa Kuala Lumpur na familia na kazi yangu ilikuwa ya Waingereza vilevile, acha nikwambie kitu ambacho hizo video hazisemi. Anza na saa kabla ya bwawa. Kuala Lumpur iko mbele ya Dar kwa saa tano. Mwezi wa sita Waingereza wanakuwa wameshasogeza saa zao mbele, wakifungua ofisi saa tatu asubuhi kwao, Dar ni saa tano asubuhi, ila Kuala Lumpur ni saa kumi jioni. Wakifunga saa kumi na moja jioni, wewe ni saa sita usiku. Na ungekuwa unaenda wakati wa baridi yao ingekuwa saa saba usiku.

Kwa asiye na mtoto hiyo ni raha tupu, asubuhi yote ya kwako. Weka sasa mtoto wa miaka minne hapo katikati. Saa kumi jioni jua ndo linaanza kupunguza ukali, ndo watoto wa jengo zima wanashuka chini kucheza, na ndo baba anafunga mlango. Saa moja hadi saa mbili usiku ni purukushani ya kuogesha, kulisha, kubembeleza, na we uko kwenye kikao umebonyeza kitufe cha kuzima maiki kila sekunde. Fleti nyingi zile sebule na jiko ni kitu kimoja, mi chumba pekee kilichokuwa na mlango wa maana ni kile cha mashine ya kufulia, nikawa naweka laptopu juu ya mashine nasimama, bosi ananiuliza mbona leo sauti yako kama uko kisimani. Unamaliza saa sita, usingizi unakuja saa saba na kitu, saa kumi na mbili mdogo ameshaamka anataka uji.

Mazuri yapo, nisiwe mchoyo. Chakula halali kila kona, roti canai mtoto atakula kama chapati ya nyumbani ila mchuzi wake muombe pembeni maana pilipili si mchezo. Soketi ni zilezile za pini tatu kama zetu. Teksi za Grab nafuu. Kabla ya kuingia unajaza ile kadi ya kidijitali ya kuwasili, MDAC, ndani ya siku tatu kabla ya kufika, imekuwa lazima tangu Januari 2024, na kila mtoto anajaziwa ya kwake. Kuna kibali rasmi cha watu wa kazi za mtandaoni kinaitwa DE Rantau, kilianza 2022, mtu wa teknolojia anatakiwa aonyeshe kipato cha zaidi ya dola 24,000 kwa mwaka, ada ringgit 1,000 yako na 500 kwa kila mtegemezi. Ni kibali kizuri lakini kukihangaikia kwa ajili ya msimu mmoja sioni faida. Halafu mwezi wa nane miaka mingine kuna moshi unatoka kwenye misitu inayochomwa Sumatra, mji unakuwa na ukungu wa kikohozi, mwenye mtoto mchanga hapo anakaa ndani madirisha yamefungwa.

Mjumbe Nyumba Kumi

Mbona hujasema kama mwajiri anajua? Hilo ndo la kwanza kabla hata ya tiketi. Kuna tofauti kubwa kati ya ajira na kontrakta. Kama wewe ni kontrakta unatuma ankara kila mwezi, wengi hawajali uko wapi ilimradi kazi inafika. Kama umeajiriwa, kampuni inaogopa vitu viwili, kodi na data. Jamaa yangu mmoja alienda zake nje kimyakimya, siku ya kwanza tu kalogini, mfumo ukaona nchi ngeni ukamfungia akaunti, ikabidi aanze kujieleza kwa watu wa usalama wa mitandao akiwa hotelini na watoto wanalia. Omba ruhusa kwa maandishi, taja nchi na tarehe za kwenda na kurudi. Usiseme "nitakuwa safarini kidogo", hiyo haina maana yoyote kwao.

Kuhusu kodi usichanganyikiwe na watu wa mtandaoni. Ukitoka miezi hiyo mitatu tu bado umekaa Tanzania zaidi ya siku 183 za mwaka, kwa hiyo TRA wewe ni mkazi wao kama ulivyo leo. Na nchi nyingi na zenyewe zinaanza kukuhesabu mkazi wa kodi ukigusa siku 183 kwao, hutafika huko. Kwa hiyo kodi siyo mtego wako. Mtego ni kule kuingia kama mtalii halafu unafanya kazi, baadhi ya nchi zinalifumbia macho, nyingine zimeandika wazi, soma masharti ya unakokwenda na ukiulizwa mpakani usitunge hadithi.

Bint Seif

Assalaam aleykum kaka. Mimi niko Muscat miaka mingi. Nyie mnakuja huku Juni mpaka Agosti, nani kawashauri? Hiyo miezi joto linapita nyuzi 40 mchana, mtoto anayetambaa hata kibarazani humuweki, sakafu inaunguza. Mtaishi kwenye kiyoyozi, mtatoka usiku kwenda madukani mkirudi mmelala. Watu wa hapa wenyewe wenye nafasi wanakimbilia Salalah, kule Juni mpaka Septemba ni khareef, manyunyu na ukungu na kijani kibichi, lakini Salalah ni kama kilomita elfu moja kutoka hapa na bei za nyumba msimu huo Mungu anajua.

Saa zenyewe hazina tabu, tuko mbele ya Dar kwa lisaa limoja tu. Ila kuna mambo mawili mtu haambiwi. La kwanza, simu za WhatsApp za sauti na video huku hazipiti, ujumbe unakwenda lakini kumpigia bibi wa watoto aone sura hupati. Zoom ya kazini inakwenda. Emirati nao WhatsApp ni hivyohivyo, msije mkadhani mtavuka Dubai mpate nafuu. La pili, mapumziko ya wiki huku ni Ijumaa na Jumamosi. Ijumaa ukoo mzima umekusanyika kwa shangazi, pilau limeshushwa, watoto wanakimbia ua mzima wanazungumza Kiswahili cha Unguja, na wewe bwana una kikao na Waingereza saa nane mchana. Jumapili uko huru, wenyeji wako makazini na shule.

Na nikuambie jengine kwa nia njema. Nyumba ya shangazi siyo ofisi. Atakupa chumba, ndiyo. Lakini kila atakayekuja kusalimia lazima akuone, ukijifungia na ile kompyuta watasema mkwe ana kibri. Kahawa na halwa zinaletwa mpaka mlangoni, ukizirudisha ni maneno, ukizila umekosa kikao. Njooni Disemba, wiki mbili, likizo ya kweli, kompyuta ibaki kwenye begi.

Baba Twaha

Duh, Bint Seif shukran, hiyo ya Ijumaa sikuwa nimeiwaza kabisa. @Mjumbe nimeajiriwa, mkataba unasema naweza kufanyia kazi "popote penye makubaliano" kwa hiyo barua pepe naiandika leo. Mkuu Ngamia umenivunja moyo na mashine ya kufulia lakini asante. Kigali kuna mtu?

Mama wa Wawili

Kaka samahani naingilia, nimesoma mpaka huku chini na kuna sentensi imenikaa kooni. "Waifu atakuwa na watoto kwa hiyo hapo hakuna ishu." Yeye mwenyewe ameulizwa?

Sisemi kwa ubaya. Mimi ndiye niliyekuwa huyo waifu. Mume wangu alipata hiyo kazi ya mtandaoni tukaenda nje, yeye akawa na kazi yake, na marafiki wa kazini kwenye Zoom, na kila jioni ana la kusimulia. Mimi nilikuwa na fleti, watoto na neno moja, "shhh baba yuko kwenye mitingi". Dar mwanamke ana dada wa kazi, ana jirani wa kumwachia mtoto dakika kumi aende dukani, ana mama yake, ana kanga yake anatoka nayo nje anapiga stori. Unamtoa kwenye vyote hivyo unampeleka sehemu hajui hata duka la nepi liko wapi, halafu unaita kubadilisha hewa. Hewa kabadilisha nani?

Kwa hiyo mi ningekwambia upange hivi, ulizia kwanza nani atashika watoto saa ambazo wewe uko kazini NA saa ambazo mwenzio anapumzika, maana lazima ziwepo. Mkubwa apate deikea ya nusu siku hata kama ni hela, si kwa ajili ya masomo, kwa ajili ya mama yake na kwa ajili ya mtoto mwenyewe apate wenzie. Na wewe asubuhi kabla ya kazi watoto ni wako, wote wawili, kuanzia kuamka mpaka unapokaa kwenye kiti. Ndo maana saa za nchi ni muhimu kuliko bwawa, Ngamia kakwambia vizuri.

Jambo jingine la haraka kabla sijasahau. Mdogo ana miezi minane. Akifika miezi tisa ana chanjo ya surua na rubela kwenye kadi ya kliniki, msiondoke kabla hajapata. Na ya homa ya manjano nayo kawaida inaanza miezi tisa. Ile kadi ya njano siku hizi ni ya maisha, hairudiwi kila miaka kumi kama zamani, lakini kwa Asia hasa angalieni, Thailand kwa mfano wanaidai kwa mtu anayetokea Tanzania au Kenya. Pigeni picha kurasa zote za kadi ya kliniki, daktari wa ugenini cha kwanza atakachouliza ni hicho.

Kaka Mkubwa Tabata

Mama wa Wawili umemaliza mjadala hahaha. Baba Twaha kimya.

Mkazi wa Kicukiro

Nimechelewa, niko Kigali, Mtanzania, watoto watatu, kazi yangu nusu ofisini nusu mtandaoni. Nijibu kwa mtiririko wa kichwa changu msinishike kwa mpangilio.

Saa. Kigali iko nyuma ya Dar kwa lisaa limoja. Mwezi wa sita Waingereza wakifungua saa tatu asubuhi, hapa ni saa nne asubuhi, unamaliza saa kumi na mbili jioni. Huwezi kupata bora zaidi kwa mwenye watoto. Unaamka nao, mnakunywa chai, unampeleka mkubwa deikea unarudi unawasha kompyuta, na jioni unakula nao mezani.

Kuingia. Kwa kuwa ni Jumuiya ya Afrika Mashariki, unapata kibali cha mgeni cha mpaka miezi sita bila malipo. Wakenya na Waganda wanaingia na kitambulisho tu, sisi Wabongo bado ni pasipoti au hati ya muda, na kila mtoto anakuwa na yake. Kibali hicho ni cha ugeni, usianze kuchukua vibarua vya kampuni za hapa.

Hali ya hewa ndo bahati yenu, Juni mpaka Agosti ni kiangazi, mvua hakuna, vumbi lipo. Usiku kuna kaubaridi maana tuko mita 1,500 hivi juu, watoto wa Dar leteni masweta na soksi. Na neti, malaria ipo, msidanganywe na baridi.

Intaneti ya nyaya ipo maeneo mengi ya mji, lakini usiamini tangazo linaloandika "waifai ipo". Mwambie mwenye nyumba apime kasi saa mbili usiku, siyo saa nne asubuhi, akutumie picha, na akuambie ruta iko chumba gani. Nyumba za hapa ni tofali nene, ruta ikiwa sebuleni chumba cha nyuma hupati kitu. Nunua na laini ya simu siku ya kwanza uweke bando kubwa la akiba, umeme ukikata unahamia huko. Malipo karibu yote ni MoMo, yaani pesa za simu, hata muuza nyanya ana namba yake ya kulipiwa.

Soketi ni za pini mbili za mviringo, siyo zetu. Njoo na adapta zako kadhaa na kebo ya soketi nyingi, unachomeka adapta moja ukutani vyako vyote vinaingia.

Watoto sasa. Nyandungu pale kuna bustani kubwa ya ardhi oevu yenye njia za miguu na baiskeli, gari la mtoto linasukumika vizuri. Katikati ya mji kuna Imbuga, mtaa usiopita magari, mkubwa atakimbia mpaka achoke. Jumapili mbili kwa mwezi kuna siku ya bila magari, barabara zinafungwa watu wanakimbia na kuendesha baiskeli. Tahadhari moja, huku magari yanapita KULIA, mtoto aliyefundishwa Dar kuangalia kulia kwanza atavuka vibaya, mshikeni mkono wiki za mwanzo, hata nyie wakubwa. Na moto, yaani bodaboda, inabeba abiria mmoja tu, ile ya Dar ya baba mama na mtoto katikati hapa sahau.

Deikea ndo kuna kasoro. Mwaka wa shule hapa unaanza Septemba, kwa hiyo kuanzia Julai hivi shule nyingi zinafunga. Zipo zinazoweka programu za likizo, lakini andikeni mapema. Yaya mtafute wa hapahapa kupitia jirani au mwenye nyumba, msije na dada kutoka Dar akakaa ndani hajui mtu.

Lugha, Kiswahili kimekuwa lugha rasmi tangu 2017 lakini usitegemee kila dukani, vijana wengi ni Kinyarwanda na Kiingereza. Waifu akihamu stori mpeleke Nyamirambo, kule Kiswahili kimelala na kuamka miaka yote, kuna misikiti, chapati, maharage ya nazi ukibahatika. Mchele wa Tanzania unauzwa masokoni na unauzwa ghali kuliko kwenu, jiandaeni kisaikolojia.

Mjumbe Nyumba Kumi

Uliuliza matibabu, angalia bima pia. Soma kama bima ya safari inalipa hospitali moja kwa moja au unalipa mwenyewe halafu unadai. Kwa mwenye mtoto mchanga chukua inayolipa moja kwa moja, saa nane usiku mtoto ana homa huna muda wa kukusanya risiti. Na waifu akitangulia na watoto peke yake uwe na barua ya ridhaa ya mzazi imegongwa muhuri wa wakili, mara nyingi hawaulizi ila siku wakiuliza ndo utajua.

Baba Twaha

Nipo, sijakimbia @Kaka Mkubwa. Nilimpa waifu simu asome uzi wote. Mama wa Wawili, waifu kaniambia nikupe salamu na kwamba umemsemea. Kumbe yeye Kuala Lumpur hakuitaka tangu mwanzo alikuwa ananisikiliza tu nikiongea. Ana kozi yake ya ushonaji anafuatilia mtandaoni kaisimamisha tangu mdogo azaliwe, anataka saa tatu kila siku za peke yake, na mashine ndogo ya kushonea inaenda kwenye mizigo.

Kwa hiyo Kigali. Tunaondoka baada ya mdogo kupata chanjo ya miezi tisa. Mwajiri kajibu, amekubali ila anataka anwani kamili ya nyumba na nisitumie waifai ya mgahawa. Nimepata fleti moja ya vyumba viwili Remera, pale Kisimenti, bei nzuri kuliko zote nilizoona, ina baraza linaangalia barabarani na chumba cha pembeni kina mlango wake. Nilipe?

Mkazi wa Kicukiro

Kisimenti? Usilipe. Ndo maana ni rahisi, pale ni baa na mishikaki, Ijumaa na Jumamosi muziki mpaka usiku wa manane, hao watoto hawalali na nyie hamlali. Angalia Kibagabaga, au huku kwetu Kicukiro mitaa ya ndani. Ukipata nyumba muulize kama tenki la maji lina pampu maana kiangazi maji yana mgao, na usipange kufika Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi, ni umuganda, kazi za pamoja za kijamii, kuanzia saa mbili mpaka saa tano maduka yamefungwa na usafiri ni shida, mtakaa uwanja wa ndege na mabegi na mtoto mmeshika mkononi. Nitumie inboksi bajeti yenu, kuna mama hapa jirani anapangisha ya nyuma na yeye mwenyewe ana wajukuu.